Kichupa Kisicho Dawa

Rosario, Jumanne

Kaka Osvaldo,

Huku tupo, ila tumechoka. Mlimao umezaa, na Bi Chela wa jirani bado anagombana na paka.

Juzi Mama aliniuliza maabarani tunatengeneza nini hasa. Nikamwambia ni protini ya binadamu, ile inayowatuliza askari wa mwili wasishambulie. Watafiti huinunua ili wapimie dawa mpya za saratani.

Akaweka chini kibuyu chake cha chai ya yerba. "Basi niletee kichupa kimoja, mwanangu. Nani atajua?"

"Mama, ile si dawa. Nikikuchoma sindano yake, nitakuwa nimeusaidia huo uvimbe wako wa saratani."

Akanitazama. "Miaka kumi na moja uko huko, na huna cha kumpa mama yako?"

Nilimkanda miguu mpaka akasinzia. Kesho yake kazini nilijaza vichupa viwili tu, nikamwomba mwenzangu anijazie vilivyobaki.

Daktari anasema zimebaki wiki, si miezi. Mama amenikataza kukwambia, eti usije ukaacha kazi yako Madrid. Nimemwasi. Njoo, kaka.

Mdogo wako,
Irma