Neno Alilopewa Mama Dolina: Kumbukumbu za Kikao cha Wazee wa Kanisa

USHARIKA WA TOLANISH, KISIWA CHA LEWIS

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA MAANDALIZI YA MEZA YA BWANA KILICHOFANYIKA JUMANNE, TAREHE 11 JUNI 2019, SEBULENI KWA MCHUNGAJI, KUANZIA SAA 8:00 MCHANA

WALIOHUDHURIA
Mch. Ewen Gillanders – Mwenyekiti
Mzee Torquil Nicolson – Mjumbe
Mzee Murdo Macritchie – Mjumbe
Mzee Finlay Macaskill – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Mzee Angus Buchanan – Alituma taarifa kwamba amelazwa kitandani na mafua. Katibu alipokuwa njiani kuja kikaoni alimwona akikimbiza kondoo.

WAALIKWA
Bi. Effie Macritchie, mke wa Mzee Murdo (kuanzia Kumb. Na. 3)
Mama Dolina Morrison, mjane, mshirika wa kanisa (kuanzia Kumb. Na. 4)

KUMB. NA. 1/6/2019: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Kumbukumbu za kikao kilichopita zilisomwa na kuthibitishwa. Mzee Torquil alisema hazina kosa ila ni ndefu mno. Katibu alimshukuru.

KUMB. NA. 2/6/2019: BARUA YA BWANA HECTOR STRANG

Mwenyekiti alisoma barua ya Bwana Hector Strang wa bara, anayeomba kuja tena kwenye siku za Meza ya Bwana zitakazoanza Alhamisi tarehe 20. Aliomba aitwe kusema siku ya Ijumaa, kisha apewe jioni mbili za kuwapelekea watu nyumbani "maneno niliyopewa kwa ajili yao, mmoja mmoja."

Ilikumbushwa kwamba Bwana Strang alifika hapa kwa mara ya kwanza Juni mwaka jana. Ijumaa ile, wanaume walipoitwa kwa majina kusimama na kueleza muumini wa kweli anatofautianaje na wa uongo, yeye alisimama akasema dakika ishirini kwa lugha yetu ya nyumbani, bila karatasi, machozi yakimtiririka. Kofia yake nyeusi aliishika kifuani. Kikao cha wazee kiliandika baadaye kwamba usharika "umejengwa sana." Katibu aliomba iwekwe wazi kwamba maneno hayo aliyaandika yeye, na kwamba yeye ndiye aliyempelekea Mchungaji jina la mgeni ili aitwe.

Mzee Murdo, ambaye mgeni alilala kwake siku zote tano, alipendekeza barua ikubaliwe. Mzee Torquil alipinga. Alisema yeye hakumpenda mtu yule tangu siku ya kwanza.

Mzee Murdo: "Hukumpenda kwa sababu hakulala kwako. Mwaka mzima mkeo hajanisalimia vizuri kwa ajili ya kitanda!"

Mzee Torquil: "Kitanda chetu kilikuwa kimetandikwa mashuka mapya, Murdo. Na nyama ilikuwa imeshaiva."

Mwenyekiti aliwaomba wajumbe warudi kwenye ajenda. Kabla ya kura, mlango wa jikoni ulifunguliwa. Bi. Effie, aliyekuwa akiandaa chai, alisema ana jambo la kusema na haliwezi kungoja biskuti. Kikao kilikubali.

KUMB. NA. 3/6/2019: MAELEZO YA BI. EFFIE MACRITCHIE

Bi. Effie alieleza kwamba Jumatano iliyopita alimtembelea Mama Dolina Morrison. Wajumbe wote wanajua kwamba mama huyo hajasema na bintiye pekee, Marsaili, anayeishi Perth, huko bara, kwa mwaka mzima. Sababu hakuna aliyeijua. Siku hiyo Mama Dolina alimweleza.

Alisema kwamba Juni mwaka jana Bwana Strang alimfuata nyumbani, akapiga magoti jikoni, akamwambia Bwana amemwonyesha jambo. Harusi ya Marsaili, ambayo mama alishindwa kuhudhuria kwa sababu meli ilizuiwa na dhoruba, haikufungwa Jumamosi kama binti alivyosema. Ilifungwa Jumapili, siku yetu ya Sabato. Binti amemdanganya mama yake na kuinajisi siku ya Bwana. Alizitaja hata alama: keki ya ghorofa tatu, na mwanamume mwenye tai ya kijani amesimama kulia. Akamwagiza asipokee simu yake wala asifungue barua yake mpaka binti atubu mwenyewe. Wala asimwulize, kwa kuwa mwongo akiulizwa huongeza uongo juu ya uongo.

Mwenyekiti aliuliza Bi. Effie anajuaje kuwa neno hilo si la kweli. Maneno yake yaliandikwa kama alivyoyasema:

"Kwa sababu ni langu, Mchungaji! Nililisema mimi, mezani kwangu, huku nikimpakulia supu. Yule bwana anapenda kuuliza. 'Na yule mjane wa nyumba ya mwisho, ana watoto?' Nami nikafungua mdomo. Mpwa wangu alikuwa harusini, akanitumia picha kwenye simu. Nikamwonyesha. Keki hiyo, tai ya kijani hiyo. Nikamwambia walioana Jumapili, kwa sababu picha ilikuwa na tarehe ya Jumapili. Kumbe ni siku aliyoituma! Juzi nimempigia mpwa wangu, akanicheka. Harusi ilikuwa Jumamosi, na saa nne usiku ukumbi ulikuwa umeshafagiliwa. Sasa niambieni. Kama Bwana ndiye aliyemwonyesha, mbona Bwana amekosea palepale nilipokosea mimi?"

Mzee Murdo alisema taratibu kwamba usiku ule naye alikuwepo mezani, alisikia yote, na kesho yake mgeni alipodai kuonyeshwa mambo ya watu hakuunganisha hili na lile. Alisema alifurahi mno kuwa na mtu wa namna ile chini ya paa lake.

Iligunduliwa kwamba wajumbe wengine nao walipokea maneno mwaka jana. Katibu aliambiwa amebeba uchungu dhidi ya ndugu yake kwa ajili ya uzio wa malisho, na alilia. Leo alikiri kwamba ugomvi huo wa uzio unajulikana hata na mbwa wa Tolanish.

Mzee Torquil aliulizwa kama ana la kuongeza. Wajumbe walijiandaa. Alisema: "Nilikuwa nimengoja mwaka mzima niseme 'niliwaambia.' Lakini Murdo hajakosea. Sikumtambua yule mtu kwa hekima yoyote. Nilikuwa na wivu wa kitanda tu. Angelala kwangu, hata mimi ningemwamini." Katibu anaandika hili kwa heshima.

KUMB. NA. 4/6/2019: MAMA DOLINA MORRISON

Iliamuliwa kwamba Mama Dolina aitwe mara moja, asiachwe hata siku moja zaidi. Mzee Murdo alikwenda kumchukua kwa gari. Alifika saa 9:20 akiwa amevaa koti la kanisani, akidhani ameitwa kuondolewa kwenye orodha ya washirika. Alisema: "Kama ni kwa ajili ya Marsaili, nifuteni tu. Mimi ndiye niliyemlea."

Mwenyekiti alimwambia aketi. Bi. Effie alirudia maelezo yake yote mbele yake, bila kujipunguzia kitu.

Mama Dolina alisema: "Lakini alilia, Effie. Alipiga magoti kwenye sakafu yangu akalia."

Mwenyekiti alieleza kwamba machozi si kipimo, ingawa wazee hawa hawa wamekuwa wakiyatumia kama mizani kila Ijumaa ya Meza ya Bwana. Alisema waumini wameamriwa kuzipima roho, wala si dhambi kupima. Alimwuliza Mama Dolina ni sehemu gani ya agizo lile ilimsumbua moyoni tangu mwanzo. Mama alijibu bila kufikiri: ni pale alipokatazwa kuuliza. Alisema mara tatu alishika simu, na mara tatu aliirudisha akidhani hamu ile ya kumsikia mwanawe ni majaribu ya Shetani.

Mwenyekiti alisema: "Mama, hamu ile ndiyo iliyokuwa kweli. Neno la Mungu haliogopi simu moja kwenda Perth."

Mama Dolina alifungua mkoba akatoa barua sita ambazo hazijafunguliwa. Alikuwa akizibeba kila siku. Alimwomba Katibu azifungue. Katibu alitumia kisu cha siagi. Katika barua ya pili kulikuwa na nakala ya cheti cha ndoa, tarehe 14 Aprili 2018. Mwenyekiti alitazama shajara yake ya mwaka huo: Jumamosi. Mzee Torquil aliomba aone kwa macho yake, akaona.

Barua ya tano ilikuwa ya Februari. Katibu aliisoma kwa sauti mpaka mstari wa tatu, kisha akampa Mwenyekiti aendelee. Ilisema mtoto wa kike amezaliwa salama na, kama ilivyo kawaida yetu kwa binti wa kwanza, amepewa jina la mama wa mama yake. Hivyo Mama Dolina alifahamu leo, saa 9:50 alasiri, kwamba yuko Dolina mwingine duniani mwenye umri wa miezi minne.

Alilia. Bi. Effie alimwomba msamaha akiwa amesimama. Mama Dolina alimjibu: "Keti chini, wee Effie. Umenivunjia nyumba kwa mdomo, na leo umeijenga kwa mdomo huohuo. Nitakukasirikia kesho. Leo sina nafasi."

KUMB. NA. 5/6/2019: MAAZIMIO

Iliazimiwa kwamba Bwana Strang aandikiwe kuwa hataitwa Ijumaa wala hatapewa jioni yoyote. Mzee Murdo aliomba aiandike barua hiyo yeye mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyemlisha. Ilikubaliwa, na Mzee Torquil atamsaidia maneno makali.

Iliazimiwa pia kwamba Jumapili hii Mwenyekiti autangazie usharika kosa la wazee, bila kumtaja Mama Dolina, na kuwataka wote waliopokea "maneno" mwaka jana waje waulize. Mzee Murdo aliuliza kama ni lazima kusema wazee wote walidanganywa. Mwenyekiti alisema ni lazima. Hakuna aliyepinga.

Kuhusu wageni watakaolala majumbani mwaka huu, Bi. Effie alisema yeye atawapa supu na mazungumzo ya hali ya hewa, basi.

KUMB. NA. 6/6/2019: KUFUNGA KIKAO

Saa 10:05 Mama Dolina aliomba kutumia simu ya Mchungaji iliyoko ukumbini. Kikao kilisimama. Mlango ulifungwa, lakini nyumba hii ni ya zamani na mbao zake zimelegea. Wajumbe walisikia akitaja jina la bintiye mara moja, kisha kicheko, ambacho hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho alikisikia lini.

Alirudi saa 10:35. Alieleza kwamba Marsaili na mtoto watafika kwa meli Jumamosi ya Meza ya Bwana. Mzee Torquil alisema: "Mwambie asikose hiyo ya Jumamosi, asije akapanda ya Jumapili, tukaanza upya!" Wajumbe walicheka, Mwenyekiti akiwemo.

Mwenyekiti alimwuliza Mama Dolina binti alisema nini aliposikia sauti yake baada ya mwaka mzima. Maneno ya Mama Dolina yaliandikwa kwa ombi la wajumbe wote:

"Nilikuwa nimejiandaa kujieleza. Nimepanga maneno yote. Hakuniuliza hata moja. Aliniuliza kama nimekula."

Kikao kilifungwa saa 10:45 jioni. Mzee Murdo aliombwa kutoa sala ya mwisho lakini hakuweza kuifikisha mwisho, na Mzee Torquil aliimalizia kwa niaba yake.

Ewen Gillanders ............................ Mwenyekiti

Finlay Macaskill ............................ Katibu

Tarehe: 11 Juni 2019