Limbu Ameniita Mke Wangu Wodini

Lilian weee! Niko hospitali hapa Tarime.

Duara, lile shimo lao la dhahabu, limemwangukia Limbu kule Nyakunguru. Ndiyo, huyo huyo niliyeachana naye, niliyekuapia kwamba hata tukipishana njiani simsalimii!

Wachimbaji wenzake wamenipigia mimi kwa sababu ndugu zake wote wako Shinyanga. Nikasema naenda kumwona tu kama jirani.

Nafika, daktari anasema anavuja damu tumboni, lazima apasuliwe na damu ya kumwongezea haitoshi. Unajua ninavyoogopa sindano. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema! Wakapima. Kumbe damu zetu zinaelewana kuliko sisi wenyewe.

Nikakaa nje nalia. Lilian, mimi huyu! Namlilia Limbu!

Ametoka salama, Mungu mkubwa. Kafumbua macho, kaniangalia weee, halafu anamwambia nesi, "Huyu ni mke wangu. Ni mkali, lakini mpe kiti."

Mke wangu! Wodi nzima inasikia!

Nikamwambia, "Limbu, sisi tuliachana."

"Najua," akasema. "Na mimi nilikuwepo."

Nesi kacheka mpaka kashika kitanda. Nami nikacheka, huku nimemshika mkono na siuachii.

Akaniuliza polepole, "Kesho utakuja?"

Jibu kali nilikuwa nalo tayari mdomoni, walahi. Kilichotoka ni, "Wakikuruhusu kula, nikukorogee uji wa ulezi au wa mahindi?"

Cheka, Lilian. Cheka tu.