Hatua Nyuma Yangu Kwenye Njia ya Misafara

Mjukuu wangu Zawadi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Chemchem hatujambo. Babu yako siku hizi anakula mlenda na ugali kidogo. Soda ameiacha kwa manung'uniko. Umeniuliza, kama ini lako lina mafuta, kutembea kutalisaidia nini?

Nikiwa msichana, shangazi alinipitisha alfajiri kwenye njia ya zamani ya misafara. Nyuma yetu nikasikia hatua nzito. Tukisimama, nazo zinasimama. Nikageuka, hapakuwa na mtu.

"Ni wapagazi waliofia njiani," shangazi alisema, akiongeza jiwe kwenye rundo lililo kando ya njia, kama walivyofanya wapitaji wote. "Hawamdhuru anayetembea."

Nikatembea, na hofu ikaniishia miguuni. Hadi leo natembea kila alfajiri na kuweka jiwe langu. Ini langu lilikuwa kama lako. Sasa daktari analisifu. Basi punguza chipsi, uanze taratibu.

Ila nijibu upesi, nijue u mzima. Leo nyuma yangu zilikuja hatua nyepesi, zinaburuta kandambili kama zako. Nikaita jina lako, zikasimama.

Usisimame, mama.

Bibi yako