Mkimbiaji wa Raundi ya Saba

Parks, Louisiana
23 Aprili 1996

Mdogo wangu Clovis,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na lile goti limetulia baada ya baridi ya huko kwenu kuisha. Mimi sijambo, ila masikio ndiyo yanazidi kuziba. Nikikupigia simu tutapigiana kelele tu, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Habari zitakuwa zimeshakufikia: mjukuu wetu Kerwin amechaguliwa kucheza mpira wa Kimarekani wa kulipwa, na waliomchukua ni timu yenu, hao Wahunzi wa Toledo.

Jumamosi uwanja wa nyumba yangu ulijaa watu. Walichemsha kamba wa mtoni masufuria kwa masufuria, televisheni ikatolewa barazani, timu zikachagua kwa zamu, yakaitwa majina ya vijana wa kila jimbo, la kwetu halimo. Jumapili walikuja nusu yao. Ilipofika raundi ya saba, ya mwisho kabisa, tumebaki mimi na jirani yangu Verlie tunasugua masufuria, na Kerwin yuko nje anaosha gari ambalo wala halikuwa chafu. Simu ikalia, Verlie akapokea. Nilimwona anaweka mkono kifuani, nikajua kuna mtu amekufa. Kumbe ni Toledo. Kerwin aliingia mbio akaninyanyua juu na sabuni yangu mikononi.

Nilicheka, Clovis. Halafu nikaingia chumbani nikalia, na hayakuwa machozi ya furaha. Wewe ulimwona marehemu Alcide. Ile Krismasi ulikuwa umekaa naye hapa alipokuuliza huyu mwanamke mwenye mwiko ni nani. Mume wangu, miaka hamsini na moja, anauliza mimi ni nani. Mwisho akawa ananiogopa, anajifungia bafuni. Daktari alisema ni mambo ya ukoo. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia zile jezi chuoni. Alicheza nafasi hiihii ya Kerwin: unapewa mpira mkononi, unakimbia, na kila mwanamume aliye mbele yako kazi yake ni kukubamiza.

Nakuomba kitu kimoja. Usiniandikie amekimbia yadi ngapi. Niandikie yukoje.

Dada yako,
Ozella


Toledo, Ohio
6 Mei 1996

Dada Ozella, shikamoo,

Mimi mzima, goti ni lilelile la kiwanda cha vioo, limeamua kustaafu kabla yangu. Poleni na mvua. Nimesikia maji ya bayou, kile kijito chetu, yamefika kwenye bustani ya Verlie.

Dada, ungekuwa huku ungenionea huruma kwa furaha niliyo nayo. Miaka thelathini nashabikia timu hii na sijawahi kuiona ikitwaa hata kikombe cha chai. Sasa wanamchukua mtoto wa nyumbani kwangu! Redioni mtangazaji alishindwa hata kulitamka jina lake. Mtu mmoja akapiga simu studio akauliza, huyo wa raundi ya saba kazi yake ni nini, kubeba maji? Jirani yangu Ziggy Pietras, Mpolandi, unamkumbuka, alimjibu kwa kuipigia kelele redio yenyewe. Ziggy ana kanda ya mechi moja ya Kerwin ya chuoni, ameitazama hadi mkewe ameficha rimoti. Anasema, "Huyu akigongwa haanguki, anazunguka. Tazama kiuno hicho." Sasa baa nzima wanasema hivyo, na wengine hata kanda yenyewe hawajaiona.

Hili la Alcide nimelisoma, sikulipuuza. Lakini zama zile kofia za kukinga kichwa zilikuwa kama bakuli, siku hizi kuna madaktari pale pale uwanjani. Usijitie presha. Nitamlisha kila Jumatatu na nitamtazama vizuri.

Mdogo wako,
Clovis


Toledo
3 Septemba 1996

Dada Ozella, shikamoo,

Nakuandikia haraka. Wiki ya mchujo imekwisha. Walikuwa wanapita vyumbani asubuhi, wanamgusa mtu bega, wanamwambia kocha anakuita na uje na vitu vyako. Kerwin anasema alikaa kitandani na viatu mguuni akisikiliza nyayo koridoni. Waligonga mlango, wakamwita aliyelala kitanda cha pili. Yeye akabaki. Ziggy na wenzake walimngoja langoni kama mtu aliyetoka vitani, na kuna mzee alimbusu kiganja.

Umeniuliza yukoje. Amekonda usoni. Anakula kwa haraka. Nilimwambia apumue, keshaingia, akasema, "Babu, mimi kila Jumanne wanapopanga majina nachaguliwa upya."

Naomba uniombee nami nipunguze kuwaza.

Mdogo wako,
Clovis


Parks
14 Oktoba 1996

Mdogo wangu Clovis,

Salamu kutoka kwangu, kutoka kwa Verlie na kutoka kwa padri. Tumeanza kukata miwa, moshi umetanda, kifua kinabana kidogo lakini si cha kulalamikia.

Tangu yule mkimbiaji wenu mkubwa avunjike mguu na Kerwin kupewa nafasi yake, Jumapili ukumbi wa kanisa unafurika watu wa kumtazama kwenye televisheni. Jana alipofunga, wanaume wazima walirukia meza. Mimi sikuruka. Nilikuwa natazama kilichofuata, pale alipopigwa na yule mlinzi mnene, kofia kwa kofia. Alilala, akainuka, watu wakapiga makofi. Lakini alitembea kuelekea benchi la wapinzani, Clovis. Mwenzake alimshika mkono akamgeuza kama anavyogeuzwa kipofu. Ukumbi mzima ulicheka. Wakasema mtoto amelewa furaha.

Nimeshaishi na mtu anayeelekea mlango usio wake. Nenda kamwone, uniambie ukweli wote.

Dada yako,
Ozella


Toledo
22 Oktoba 1996

Dada Ozella, shikamoo,

Natumai kifua kimeachia. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haipo sawa.

Jana alikuja kula. Nilikuwa nimepika gumbo, ule mchuzi mzito wa bamia, kama ya mama, siku nzima. Aliingia na miwani ya jua na nje kuna mawingu. Akaniomba nifunge mapazia. Alikula vijiko vitatu, akaenda chooni, nikamsikia akitapika taratibu, kama mtu anayejaribu asisikike. Aliporudi aliniuliza goti linaendeleaje. Nikamjibu. Tukazungumza kidogo mambo ya nyumbani. Halafu akaniuliza goti linaendeleaje.

Nikamwambia, "Kerwin, twende kwa daktari."

Akavua miwani. Dada, macho yale yalinikumbusha mtu, sitaki kumtaja. Akasema, "Babu, wa raundi ya kwanza akiumwa kichwa anapumzishwa. Wa raundi ya saba akiumwa kichwa anaondolewa. Jumapili ni Cleveland. Nikiwashinda hao, hakuna atakayenigusa tena. Niapie hutamwambia bibi."

Nilimwapia. Na sasa nakuandikia.

Na sikufichi: kuna sehemu yangu inayotaka acheze. Tukishinda Jumapili tunaongoza kundi, haijawahi kutokea tangu nihamie huku. Mji mzima unaimba jina lake sasa, na wanalitamka sawasawa. Nikifumba macho namwona anazunguka na mpira, halafu namwona Alcide bafuni. Sijui nifanye nini. Nimeituma kwa ndege ikufikie upesi.

Mdogo wako,
Clovis


Parks
24 Oktoba 1996

Clovis,

Barua imefika. Sina salamu leo, nisamehe.

Verlie anakupigia simu sasa hivi kukusomea maneno haya, nami nakutumia karatasi ili ujue ni yangu. Nenda kwa daktari wa timu. Usimwombe ruhusa Kerwin. Akikuchukia, basi atakuchukia kwa akili zake timamu. Mimi ningekuja, lakini sitafika kabla ya Jumapili.

Dada yako,
Ozella


Toledo
9 Desemba 1996

Dada Ozella, shikamoo,

Kimya changu kimekuwa kirefu. Verlie alikueleza kwa juu juu, lakini mengine ni ya kuandika, si ya kupiga kelele kwenye simu.

Ile Ijumaa nilikwenda uwanja wa mazoezi. Bawabu wa langoni ananijua, akadhani nimekuja kuomba saini. Daktari alitoka na kikombe cha kahawa mkononi, kijana tu, nikamwambia kila kitu: miwani, kutapika, benchi, goti langu lililoulizwa mara mbili. Aliacha kunywa. Nyuma yake kupitia wavu nilimwona Kerwin amesimama na mpira kwapani, anatutazama. Hakunipungia mkono.

Walimpima, wakamzuia kucheza. Jumapili tulifungwa na Cleveland kwa alama tatu. Nilikuwa uwanjani, sijui kwa nini nilikwenda. Watu walikuwa wanaimba jina lake hadi dakika ya mwisho, wakidhani atatoka tu. Siku ya pili redioni wakasema kuna mtu wa ukoo amemharibia. Nilimwambia Ziggy ni mimi. Tulikuwa barazani kwake, akasema, "Clovis, ungengoja hadi Jumatatu." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyoona. Tangu hapo tukikutana tunazungumzia theluji.

Timu ilimweka wiki nne, wakamwachia. Walisema wanahitaji nafasi. Kuna kijana mwingine sasa, wa raundi ya tano, na Ziggy ana kanda yake.

Jumamosi nilimpeleka Kerwin uwanja wa ndege. Alikuwa hajasema nami neno tangu siku ya wavu. Tulipita mto, tukapita uwanja, akageuza shingo kuutazama hadi ukapotea. Mbele kidogo akasema, "Babu, tunakwenda wapi?" Nilidhani ananitania. Nilimtazama. Hakuwa ananitania, alikuwa ananingoja nimjibu. Begi lake lilikuwa mapajani mwake na tiketi mkononi. Nikaegesha kando. Nikamwambia, "Nyumbani kwa bibi." Akasema sawa, akaegemeza kichwa kwenye kioo. Sikuweza kuwasha gari kwa muda.

Mpokee. Usimuulize mengi. Na kama atasema lolote kuhusu mimi, zuri au baya, niandikie.

Mdogo wako,
Clovis


Parks
18 Machi 1997

Mdogo wangu Clovis,

Nisamehe kukuacha majira yote ya baridi na kadi moja tu ya Krismasi. Kila nilipokaa kuandika niliogopa kuandika kitu ambacho kesho yake kingekuwa uongo. Mimi ni mzima. Azalea zimechanua mapema.

Januari yote Kerwin alilala chumba cha nyuma, nimetundika blanketi dirishani. Nilikuwa namletea supu na kumuuliza siku, mwezi, jina langu. Alinikasirikia. Alisema, "Bibi, mimi si babu Alcide." Nami nikawa nauliza tena kesho yake. Februari mwanga ukaacha kumuumiza. Sasa anafanya kazi karakana ya matrekta, anacheka na wenzake, hajapotea njia hata mara moja. Daktari wa Lafayette anasema amepona, halafu anasema hajui maana ya kupona ni nini kwenye kitu hiki.

Juma lililopita alikuja mtu wa timu nyingine, mtaratibu, ana gari safi. Alikunywa kahawa yangu akasema mashabiki wa kwao wamemkumbuka, wanamtaka, kuna nafasi ya majaribio Aprili. Alipoondoka Kerwin alikaa mezani mbele yangu akaongea usoni kwangu ili niyaone maneno. "Bibi, ukisema nisiende, siendi."

Clovis, miezi yote hii nimekuwa nikiomba nipewe neno hilo mkononi. Nilipopewa nikaona uzito wake. Ana miaka ishirini na tatu. Kitu hiki ndicho anachokijua duniani. Nilimwangalia mikono, nikaona jinsi alivyokuwa ameishika meza.

Nikasema, "Usiende."

Hakubisha. Alitoka nje akasimama bila viatu kwenye nyasi, mgongo umenielekea, mpaka nikadhani ataondoka hivyohivyo kwa miguu. Kisha akarudi, akanawa, akala chakula chote nilichompa. Hakunitazama. Tangu siku hiyo anakula chote, anaosha sahani yake, ananiambia bibi lala salama, na hanitazami.

Kila asubuhi namsikilizia mlangoni, mimi nisiyesikia. Sijui namngoja aanze kusahau au namngoja aanze kunisamehe, na vyote viwili vinanitia hofu sawa.

Jana nilimwambia nakuandikia. Alifikiri, akasema, "Mwambie babu aje Pasaka."

Basi njoo. Usingoje goti lipone. Peke yangu siwezi tena kukaa naye mezani.

Dada yako,
Ozella