Kitoweo cha Wajane

Shimoni, Jumamosi

Kaka yangu Swabir,

Shikamoo, na amani ya Mungu ikufikie huko Doha. Natumai u mzima na joto halijakumaliza. Sisi kwa afya hatujambo, mengineyo utayasoma.

Uliniuliza kama hiyo lugha yangu ya kuandikia programu, Haskell, inaishinda C yako ya kizee, au ninaringa tu. Inaishinda, kaka. Programu yako ya mizani ilikwenda hatua kwa hatua: soma uzito wa samaki, ondoa kitoweo cha wajane, andika jibu palepale juu ya uzito wa kwanza. Hesabu ikienda kombo huoni ilipoanzia, kwani cha mwanzo kimeshafutika. Nilihangaika nayo hadi nikakulaani, unisamehe. Haskell haifuti. Kila hesabu huzaa thamani mpya, ya zamani ikabaki ilivyo. Niliiandika upya yote, nikawatangazia wavuvi kwamba sasa hakuna kitakachopotea. Mzee Matano, mwenyekiti wao, alinipigia makofi.

Kwa kuringa nikaweka vipimo vyote viwili kwenye ripoti, kabla ya kitoweo kuondolewa na baada yake. Ripoti humfikia tajiri aliyewapa wavuvi mashine za boti kwa sharti kwamba samaki wote ni wake. Kwako alikuwa akiona kipimo kimoja. Kwangu akaona viwili, akauliza samaki wanakwenda wapi kati ya mizani na barafu. Matano akamweleza kwamba ni desturi tangu mababu, mke wa mvuvi aliyefia baharini hakosi kitoweo. Tajiri akajibu kwamba desturi haimo katika mkataba.

"Hata samaki changu mmoja asitoke," alisema, na hajatoka tena.

Nilitaka kuirudisha programu yako. Matano akaniambia kwa upole kwamba maji yakimwagika hayazoleki, tajiri ameshaona. Akaniambia pia kuwa ulikifuta kipimo cha kwanza kwa makusudi, mlivyokubaliana wewe na yeye Matano, ili tajiri asikione. Mngenidokeza, kaka.

Sasa lile ninaloogopa kukuandikia. Mama hajui lolote. Tangu Baba azame hakuwahi kukosa kitoweo, na bado kila asubuhi hupeleka kapu lake bandarini. Hurudi nalo tupu, tukala mchicha. Jana aliniona nimenuna, akanibembeleza, akasema kompyuta ya Swabir imeharibika tu, ukija utaitengeneza. Nilishindwa kumwambia kwamba haijaharibika. Inafanya kazi sawasawa.

Anakusalimu sana, na anauliza utakuja lini.

Wasalaam,
Mdogo wako, Husna