Mpira wa Breki Ulioufunga kwa Waya

Baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na mikono bado inanuka mafuta ya breki. Sabuni imeshindwa.

Tangu tukuzike, gari lako naliendesha mimi. Mahindi tumevuna, kahawa tumeuza, jikoni tumeweka mabati mapya. Hayo mazuri. Sasa sikiliza la gari.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mama Msangano kumwona shangazi. Kwenye mteremko nakanyaga breki, pedeli inazama mpaka chini kama nakanyaga uji. Nikarudisha gia, nikavuta breki ya mkono, bado tunateremka, na mbele ng'ombe wanavuka. Nikaligongesha gari makusudi kwenye ukingo wa udongo, tukasimama. Mama hakuwa anasali, Baba. Alikuwa anaita jina lako.

Hatukuumia. Nikaingia uvunguni, nikaiona kazi yako. Ule mpira unaopeleka mafuta ya breki gurudumu la mbele umepasuka, na pale penye ufa umezungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, ukakikaza kwa waya. Waya, Baba! Kwenye breki! Nikakuona kabisa ukijifuta mikono na kusema, "Itatufikisha." Ulisema hivyo kwa kila kitu. Hata kile kifua kilipoanza kukubana ulisema hivyo hivyo, mpaka tukakufikisha hospitali tumechelewa. Nililia pale chini ya gari. Nakugombeza, nakulilia, sijui nilianza na lipi.

Lori la mpunga likatuvuta mpaka nyumbani. Rafiki yako Mzee Simbeye wa gereji akaja, na unajua alitaka nini? Aufunge tena! "Mbona baba yako alikuwa anaufunga hivi hivi?" Nikamwambia, "Ndiyo maana nataka mpya." Akanuna, akaondoka.

Nikaenda Tunduma. Duka la kwanza wakaniuzia mpira mfupi. Nimeufunga nyumbani, nageuza usukani, unavutika kama kamba ya mbuzi. Nikarudi nao dukani. Muuzaji ananiambia, "Dada, huu ndio wenyewe, labda gari lako ndilo refu." Gari refu! Nikatoka. Duka la pili wakanipa unaofaa.

Niliufunga mwenyewe hapa uani, kwa spana zako. Lakini kutoa hewa iliyoingia kwenye breki kunataka mtu wa pili akae akanyage pedeli, na Mzee Simbeye ndiyo hivyo tena. Nikamwita mama. Miaka yote ya ndoa yenu hukumruhusu kugusa usukani. Kazi yake ilikuwa kutazama njia. Akavua kandambili, akapanda.

"Kanyaga, mama. Shikilia hapo hapo. Haya, achia."

Mapovu yakatoka pale gurudumuni nilipochuchumaa, yakatoka, mpaka yakaja mafuta matupu. Pedeli ikawa ngumu. Nilipoinuka, mama hakushuka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama chini miguuni.

"Na hii ya kushoto ni ya nini?"

Ni klachi, Baba. Nimemwambia. Na kesho tukitoka ibadani tunaanza, kwenye uwanja wa hapa Nanyala.

Najua ungekataa. Pumzika tu. Nakuahidi nitamfundisha polepole, wala sitamfokea kama ulivyonifokea mimi.

Mwanao akupendaye, hata leo,
Tumaini