Prosesa ya Mioyo Minane

Jumanne, usiku

Na bado rafiki yangu Héritier anasema niliogopa! Mimi? Katika Makiso yote, mtaa wetu, hakuna mutu mwenye roho ngumu kama mimi.

Nilitaka ile prosesa, ubongo wa kompyuta, yenye mioyo minane inayofanya kazi pamoja, nicheze mpira kwenye kompyuta na kurusha mechi zangu mtandaoni, watu waone mufalme. Tonton Faustin, mwenye kuuza kompyuta zilizotumika, hauzi kitu bila kukijaribu mbele yako. Umeme ulikuwa umekatika, akaunganisha kompyuta yenye ile prosesa kwenye jenereta ndogo anayotumia pamoja na kinyozi wa jirani.

Mechi ikafunguka, safi kabisa. Halafu jenereta ikakohoa, ikazidiwa na ulaji wa ile prosesa, ikazimika. Kwa kinyozi mteja mmoja, papa mtu mzima, akatoka na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Nani anacheza na kichwa yangu?"

Nikamuonyesha Héritier, aliyenisindikiza, kwa kidole. Rafiki ni wa nini?

Lakini nilifikiria jenereta ya kwetu, na friji ya mama yenye kujaa samaki za kuuza. Zikioza, mimi na kompyuta tutalala barabarani. Bon, nikachukua ile ndogo ya mioyo minne, yenye kutoa picha yenyewe bila kadi ya picha. Jenereta ikavumilia, papa akamaliziwa kichwa.

Kusema kweli nina wasiwasi. Picha ikikwama watu wakitazama, Héritier atacheka mpaka...

Nimemwambia mama: "Hii iko inakula kidogo na inafanya kazi sana."

"Basi yenyewe ibaki," akasema, "wewe ndio uende."